Jina nimelinunua, nyumbani kwangu halifiki

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, na nikirefusha univumilie tu maana hii kitu inaninyima usingizi toka mwaka juzi. Mi ni mpiga picha za harusi hapa Tanga, niko Ngamiani, kazi hii nimeianza enzi za filamu za kusafishwa, na ninachotaka kusema ni kimoja tu: hawa wanaotuuzia intaneti ya nyumbani watuambie kabla hatujalipa kama intaneti yenyewe ina mlango wa kuingilia au ni ya kutokea tu. Maana mi niliuziwa ya kutokea tu, hakuna aliyenambia, nikaenda nikanunua na jina kabisa, nikabaki na jina mkononi kama mtu aliyechora kibao cha duka kabla hajapata fremu.

Nianze na kwanini mpiga picha anataka seva nyumbani, maana najua kuna mtu anasoma hapa anasema huyu naye kajitafutia makubwa. Harusi ya siku hizi siyo picha 36 za filamu. Kuna sendoff, kuna kitchen party, kuna siku yenyewe, kuna kamera 2 na droni kama familia imejiweza, ukirudi nyumbani alfajiri una memori kadi 4 zimejaa, GB 80 mpaka 100 harusi moja. Zamani nilikuwa nachoma DVD, laptopu za saivi hazina hata pa kuingiza DVD. Nikahamia fleshi, fleshi nazo zinapotea, zinaingia virusi, mtu anakutafuta baada ya miaka 3 anakwambia kaka ile fleshi mtoto aliitumbukiza kwenye ndoo, una kopi? Kopi ninazo, zote, kwenye hadidiski. Shida ni kuzifikisha, huyu yuko Dar, huyu Arusha, mama mzazi wa bwana harusi yuko Maskati, na kuhifadhi kwa wazungu mtandaoni ni dola kila mwezi mpaka unakufa, ukiacha kulipa wanakufungia na hizo harusi za watu ziko kwao.

Mpwa wangu anasoma kompyuta chuo. Alikuja likizo akanikuta na laptopu ya zamani imepasuka kioo nimeiweka chini ya kitanda, akaitoa akaipangusa akasema mjomba hii ndo seva. Nikamwambia seva si yale makabati ya benki yenye feni zinalia kama mashine ya kusaga? Akacheka. Akasema seva ni kompyuta yoyote inayokaa macho inasubiri kuulizwa ijibu, basi. Akang'oa kile kioo kibovu, akaweka mfumo wa Linux badala ya Windows, juu yake akaweka programu ya kuhifadhi na kugawa mafaili inaitwa Nextcloud ambayo ni ya bure, akachomeka hadidiski ya TB 4, akaipandisha juu ya kabati. Na laptopu ina faida moja ambayo kompyuta ya mezani haina, betri. Umeme ukikatika inaendelea saa nzima na zaidi kama hakuna kilichotokea. Kilichokuwa kinazima ni rauta, kale kaboksi kanakoleta intaneti ndani, kwahiyo seva iko macho inasubiri wageni na barabara imefungwa, mpaka tukainunulia rauta nayo kabetri kake ka volti 12. (Alafu kuna mijusi. Mjusi anapenda joto, akaingia kwenye feni, sitaki kueleza nilichokikuta nilipofungua.)

Ndani ya nyumba ikafanya kazi kama mchezo. Nafungua simu, naandika 192.168.1.50, namba ya ile laptopu humo ndani, picha zote hizi hapa. Ila huwezi kumpa bibi harusi namba kama hizo, nani atakariri, ndo mpwa wangu akasema sasa tununue jina. Tukanunua la .co.tz, elfu ishirini na kitu kwa mwaka, nikajiona mzungu.

Hili la majina nililielewa upesi sababu sisi Ngamiani tunaishi nalo. Barabara zetu zina namba, barabara ya 8, barabara ya 12, na juzi juzi mwaka 2022 wakaja na vibao vya anwani za makazi kila nyumba ina namba yake, lakini mgeni akiuliza nani anamtajia namba? Unamwambia kwa Mama Fulani wa maandazi, pale penye mwarobaini. Kuna mtu wa mtaani analijua jina, anaijua na nyumba, anakuonesha. Kwenye intaneti huyo mtu wa mtaani anaitwa DNS, unamtajia jina anakupa namba. Mpwa wangu akaniambia zamani huko Marekani majina ya kompyuta zote za mtandao wao yaliandikwa kwenye faili moja tu inaitwa HOSTS.TXT, inatunzwa California pale kwenye taasisi ya utafiti ya SRI na ofisi ya mama mmoja Elizabeth Feinler, ukinunua kompyuta mpya unawatafuta wakuandike, kila mwenye kompyuta anachukua kopi ya hilo daftari. Zilipozidi daftari likashindwa, ndo mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni huu utaratibu wa sasa, kila ukoo unatunza majina yake. Wetu sisi yanayoishia .tz yana watunzaji wake hapahapa nchini.

Sasa bwana, kosa la kwanza lilikuwa letu wenyewe na nalisema hadharani ili lisimkute mwingine. Kwenye ile sehemu ya kuandika jina liende namba gani, wenyewe wanaita rekodi A, mi nilijaza mwenyewe mpwa wangu akiwa msikitini, nikaandika ile namba ninayoijua, 192.168.1.50. Nikafungua kwenye simu nikiwa nimekaa kwenye kochi, nikaandika jina langu, paa, picha hizi hapa. Nikaruka. Nikampigia bibi harusi mmoja yuko Dar, ofisini kwake, nikamwambia dada fungua jina hili harusi yako yote iko humo, usimwambie mtu nimekupa wa kwanza.

Kimya kidogo. Alafu ananiambia, "Kaka, mbona inaniambia wino mweusi umeisha?"

Nikamwambia haiwezekani, andika vizuri. Akaandika tena. "Imekuja ileile. Wino mweusi, alafu chini inasema trei namba 2 haina karatasi." Nikasikia mwenzake anauliza nyuma mbona unachezea printa ya bosi.

Mhariri, nilichofanya ni hivi. Namba zinazoanza na 192.168 ni za ndani ya nyumba, kila nyumba duniani na kila ofisi inaruhusiwa kuzitumia zilezile, ni kama kusema chumba cha pili kushoto. Chumba cha pili kushoto kwangu ni seva, ofisini kwa yule dada ni printa. Jina langu lilimfikisha palepale nilipoliambia, chumba cha pili kushoto, ila cha kwake. Mpwa wangu aliporudi alicheka mpaka akakaa chini.

Haya, tukarekebisha. Akatafuta namba tunayoonekana nayo nje, akaiandika kwenye rekodi, akaingia kwenye rauta akafungua poti 80 na 443, maana yake unaiambia rauta anayebisha hodi milango hiyo mpeleke kwa laptopu iliyo juu ya kabati. Tukampigia rafiki yake Morogoro ajaribu. Inazunguka tu, mwisho inasema haikufika. Tukazima tukawasha, tukabadilisha, siku 2 usiku tunalala saa 9, mke wangu anauliza hivi hiyo laptopu mnaifanyia kisomo? Usiku wa tatu mpwa wangu akafungua ule ukurasa wa rauta unaoonesha hali ya laini, akaganda. Akanionesha. Kule nje tunaonekana na namba moja, lakini rauta yenyewe ilichopewa na kampuni ni namba nyingine kabisa inaanza na 100.81. Akasema mjomba tumeliwa.

Hapa ndo penye barua yenyewe. Watu wa umri wangu mnakumbuka sanduku la posta la shule. Familia nyingi hazikuwa na sanduku, barua zote za mtaa zinaandikwa S.L.P. ya shule au ya parokia, kwa mkono wa mwalimu fulani. Kutuma barua hakuna shida, unatuma unavyotaka, na ukijibiwa mwalimu anakumbuka huyu ndo aliyeandika juzi, anakuita anakupa. Lakini mtu asiyekujua, ambaye hujawahi kumwandikia, akiandika namba ya sanduku tu bila kwa mkono wa nani, ile barua inaishia mezani kwa mwalimu mkuu. Ndivyo tulivyofanywa. Kampuni ina namba moja ya nje, nyuma ya ile namba imetupanga wateja kibao, kila mmoja wetu kapewa namba ya ndani ya ukoo wa 100.64 mpaka 100.127, huu ukoo ulitengwa rasmi mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo. Mi nikifungua video au WhatsApp haina tatizo maana nimeanza mimi, jibu linarudi. Bibi harusi akija kubisha hodi kwenye ile namba, mwalimu mkuu hajui huyu anamtaka nani, anamwacha nje. Ile milango niliyofungua kwenye rauta yangu ni sawa na kufungua mlango wa chumbani wakati geti la nje lina kufuli na ufunguo anao mwingine.

Wewe msomaji ukitaka kujua uko upande gani ni dakika 2. Ingia kwenye rauta yako uangalie namba iliyopewa upande wa nje, alafu fungua tovuti yoyote inayokuonesha IP yako, yaani hiyo namba unayoonekana nayo nje. Zikifanana una anwani yako. Zikitofautiana, na hasa ikianza na 100 ikifuatiwa na 64 hadi 127, au ikianza na 10, basi uko kwenye sanduku la shule kama mimi.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Muziki dakika 20, alafu binti mpole kweli kweli ananiambia mteja wetu zima rauta, hesabu mpaka 30, washa. Nikamwambia dada intaneti inafanya kazi, shida watu hawawezi kuja kwangu. Akaniuliza waje kufanya nini? Nikamweleza. Akaniambia kaka yangu hiyo kitu labda domeini yako, yaani lile jina, imeisha, waulize waliokuuzia. Waliouza domeini nao wakasema jina liko sawa, waulize wa intaneti, na walikuwa wanasema kweli, jina lilikuwa sawa kabisa. Wiki 3 napigwa danadana hivyo mpaka nikampata fundi mmoja akaniambia kwa sauti ya chini kama ananiuzia magendo, "Mzee wangu, anwani ya peke yako inapatikana kwenye kifurushi cha biashara." Bei yake karibu mara 3 ya ninacholipa. Kwanini sikuambiwa siku ya kwanza nilipouliza dukani mkataba uko mezani? Niliuliza kabisa, naweza kuweka seva? Nikajibiwa unaweza kuweka chochote.

Niwe mkweli, uhaba wa namba hawakuusababisha wao. Hizi namba za zamani, IPv4, zote duniani ni bilioni 4 na milioni mia mbili tisini na kitu, hazitoshi hata watu wenyewe achilia mbali simu 2 kila mtu. Ghala kuu la dunia liligawa mafungu ya mwisho Februari 2011. Kwetu Afrika mgawaji ni AFRINIC, wako Mauritius, wao akiba yao ilidumu kuliko wenzao ila toka Januari 2020 wanapima kwa kijiko, muombaji hapati zaidi ya namba 1,024 kwa mara moja. Kwa kampuni yenye wateja mji mzima hizo ni kama punje. Sawa, naelewa. Lakini dawa ya huo uhaba iko mezani toka mwaka 1998, inaitwa IPv6, namba zake ni nyingi kiasi kwamba kila rauta inaweza kupewa fungu lake zima na bado hujagusa. Rauta yangu inaiweza, laptopu inaiweza, simu ya bibi harusi inaiweza. Kwenye laini yangu imezimwa. Nimeuliza itawashwa lini nikaambiwa andika barua pepe, nikaandika, nikapata jibu la mashine linanishukuru kwa kuwachagua.

Na sasa ngoja nieleze tulivyotoka maana kuna vijana watasoma hapa wako kwenye shimo hilohilo. Kama una anwani yako ila inabadilika badilika kila ukizima rauta, shida yako ndogo, kuna huduma za bure kama DuckDNS, unaweka kaprogramu kwenye seva kanachungulia namba ikibadilika kanaandika upya, jina linakufuata popote. Sisi hiyo ilikuwa haitusaidii, unafuatilia namba ambayo siyo ya kwako peke yako. Kuna wanaotumia Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyenu kwa njia ya siri, nzuri kama watumiaji ni nyinyi wenyewe wa nyumbani, ila siwezi kumwambia mama wa bibi harusi wa miaka 60 aingize programu kwanza ndo aone picha. Kuna njia ya Cloudflare pia, jina lako linaishia kwao wao wanakuletea mpaka ndani, wengi wanaipenda, mpwa wangu akasema mjomba picha za watu zipite zimefunguliwa kwa mtu wa katikati? Nikakataa.

Tulichofanya tukakodi kijikompyuta cha kukodi Ulaya, dola 5 kwa mwezi, chenyewe hakina kitu, kazi yake ni kuwa na anwani ya nje tu. Laptopu ya juu ya kabati ndo inaanza kupiga simu kwenda kule kwa kutumia WireGuard, programu ya kutengeneza bomba la siri kati ya kompyuta mbili, na kwa kuwa imeanza yenyewe mwalimu mkuu hana neno, njia ikishafunguka haifungwi, kila sekunde 25 inatuma kaujumbe kadogo nipo, nipo, nipo. Jina langu likaelekezwa kule Ulaya. Mgeni anabisha hodi Ulaya, anapitishwa kwenye bomba mpaka Ngamiani. Ule ufunguo wa kufanya kile kikufuli kitokee kwenye brauza tuliuchukua kwa Let's Encrypt wanaougawa bure, unadumu siku 90 na unajihuisha wenyewe, na kikufuli kinafungwa na kufunguliwa kwangu siyo kule, kile cha Ulaya kinapitisha mizigo tu hakioni ndani.

Tukampigia tena yule dada. Hakuamini, akauliza hii haitaniletea wino? Akafungua. Nikasikia analia, kumbe kafika kwenye picha ya babu yake aliyefariki wiki 2 baada ya harusi.

Ila fikiria hiyo safari, Mhariri. Picha imepigwa Tanga, iko Tanga, anayeitaka yuko Dar, kilomita mia tatu na kitu kwa basi, na inapanda baharini mpaka Ulaya ndo inarudi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika wote tuliona ilivyokuwa, na mi siku ile nilikuwa na mteja Dar anasubiri albamu. Seva yangu nzima, umeme upo, laini ya hapa na Dar ipo, tuna hadi kituo cha kubadilishana mtandao ndani ya nchi pale Dar, lakini jina langu linampeleka mtu Ulaya kwanza na Ulaya hakufikiki. Nikampa kijana wa basi hadidiski kwenye mfuko wa rambo. Dola zangu 5 kila mwezi zinaenda kwa mzungu kulipia mlango ambao ungekuwa kwenye ukuta wangu.

Kilichonichekesha, hata mimi mwenyewe nikiwa sebuleni nikifungua jina langu nilikuwa nazungukia Ulaya kuifikia laptopu iliyo mita 2 kutoka nilipokaa, natumia bando kujitembelea. Mpwa wangu akairekebisha kwa kuiambia rauta kwamba mtu akiuliza jina hili akiwa humu ndani mjibu 192.168.1.50. Yaani lile kosa langu la printa ndo likawa dawa, ila likabaki ndani ya nyumba ambako ndo kwake.

Neno moja kwa vijana kabla sijarudi kwenye malalamiko. Ukifungua mlango, wezi wanaujua kabla ya wateja. Usiku wa kwanza tu kile kijikompyuta kiko hewani, asubuhi mpwa wangu akanionesha daftari lake la wageni, waliojaribu kuingia kupitia poti 22, mlango wa kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, ni zaidi ya mara elfu 2, wanajaribu jina root, admin, test, ubuntu, siyo watu hawa ni mashine zinazunguka dunia nzima zinashika vitasa. Tulizima kabisa kuingia kwa paswedi tukaweka ufunguo wa faili. Na wale mnaofungulia kamera za CCTV moja kwa moja kwenye intaneti na paswedi ileile iliyotoka nayo kiwandani, naomba mfunge leo. Alafu jina likinunuliwa hakikisha limeandikwa kwako na barua pepe yako. Langu la kwanza aliyeniuzia aliliandika kwa jina lake, taarifa ya kulihuisha ikaenda kwake, mwaka ulipoisha jina likazima Jumamosi ya harusi 3, nikamtafuta akanambia yuko shamba.

Sasa ninachoomba. Kwenye karatasi za vifurushi wanaandika spidi kwa maandishi makubwa, na hata hiyo ni spidi ya kushusha tu, ya kupandisha unaitafuta kwa miwani. Waongeze mstari mmoja: anwani ni ya mteja mwenyewe au ni ya kuchangia. Mstari mmoja tu. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana nguvu ya kuwaambia, kama walivyoweza kuwabana kwenye mambo mengine ya vifurushi. Na hiyo IPv6 waiwashe, na wakati tunasubiri, anayetaka anwani yake auziwe kama nyongeza ya bei inayoeleweka, siyo kulazimishwa kuhamia kifurushi cha biashara chenye laini 5 za simu nisizozihitaji. Nchi inatuambia kila siku vijana jiajirini mtandaoni, data za Watanzania zikae Tanzania, majina tununue ya .tz. Nimenunua. Zimekaa Tanzania, tena juu ya kabati. Sasa nani kashika ufunguo wa geti?

Barua yangu ya kuomba anwani ya peke yangu niliipeleka ofisini kwao kwa mkono, wakagonga muhuri wa kupokea, ina miezi 4 sasa. Yule dada wa printa kajifungua, juzi kanipigia kuniuliza kama nitaenda Dar kupiga picha za arobaini ya mtoto, nikamwambia nakuja. Akauliza zitakuwa palepale kwenye lile jina? Nikamwambia palepale. Akasema basi ngoja nikaweke karatasi trei namba 2.

Ni mimi msomaji wako,
Mpiga picha, Ngamiani, Tanga